Mashine ya Vumbi na Godoro la Watu Wawili

Mwaka ulikuwa haujatimia tangu nimzike mke wangu, siku muuza mashine alipogonga geti langu pale Raskazone, mjini Tanga. Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nimekaa barazani na kikombe cha chai iliyokwisha poa. Nilikuwa nimezoea kukaa hapo mpaka jua linifikie miguuni, kwa sababu ndani hakukuwa na la kufanya, na nje angalau bajaji zilipita, watoto wa shule walipita, na wafanyakazi wa ofisi za jirani walipita, na baadhi yao walinipungia mkono.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Geti halina kufuli."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amevaa shati jeupe la mikono mirefu na tai nyekundu, jasho limemlowesha mgongo. Nyuma yake dereva wa bajaji alikuwa anashusha masanduku mawili makubwa. Aliniambia anatoka kampuni ya vifaa vya usafi, na yuko mtaani kwetu kuonyesha mashine mpya ya kufyonza vumbi. Bure kabisa. Hakuna kulazimishwa kununua. Anachoomba ni kunisafishia chumba kimoja tu nijionee mwenyewe.

Zamani ningemwambia sina haja, aende salama. Lakini siku ile, aliponyamaza kusubiri jibu, niligundua kwamba tangu juzi sikuwa nimeongea na mtu ana kwa ana, ukiacha mama wa genge niliyemwambia "nyanya" na "asante." Nikasimama, nikamfungulia mlango.

Nyumba yenyewe si nyumba ya mtu kama mimi. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge, upande wa Maramba. Baba yangu alikuja kutoka kusini kukata mkonge, hakurudi tena kwao. Nilijifunza kusuka nyaya za mota nikiwa bado mdogo, na nikawa fundi umeme wa kiwanda cha shamba mpaka nilipostaafu. Mwanangu wa kwanza, ambaye yuko ughaibuni, ndiye aliyenunua nyumba hii, moja ya zile za enzi za wakoloni zenye dari ya juu na madirisha mapana yanayopokea upepo wa bahari. Akatuhamishia humo mimi na mama yake. "Mpumzike sasa," alisema. Na kwa ajili ya mama yake, alituma fundi atandike zulia sebule nzima, kutoka ukuta huu mpaka ule.

Mama yake alimshukuru sana kwenye simu. Simu ilipokatika alinigeukia, akasema, "Huyu mtoto ameniletea ghala la vumbi."

Alijua alichokisema. Mke wangu alitoka Amani, milimani, ambako ardhi ni mbichi karibu mwaka mzima na ukungu huchelewa kuondoka juu ya miti. Vumbi hakulijua mpaka aliponifuata shambani. Kule akapata kazi chumba cha brashi, mahali ambapo singa za mkonge zilizokwisha kauka zilichanwa kwa mashine mpaka zing'ae kabla ya kufungwa marobota. Kazi ile ilitoa vumbi jeupe, jepesi kama unga uliochekechwa, likajaa hewani hata usimwone vizuri mtu wa upande wa pili. Wanawake walijifunga khanga puani na mdomoni na kufanya kazi hivyo kutwa. Jioni alirudi na nyusi nyeupe. Watoto walipokuwa wadogo walimcheka, wakamwita bibi.

Kikohozi kilianza kidogokidogo, kikahamia kabisa. Yeye mwenyewe alikifanyia mzaha. Alisema akifa wampasue, mapafu yake yatatosha kusokotea kamba ya kufungia mbuzi.

Kwa hiyo nyumbani kwake vumbi halikupata nafasi. Alifagia alfajiri, akafagia mchana, akafagia tena jua likipoa, kisha akapita na kitambaa kibichi. Raskazone alikutana na lile zulia, halifagiliki, na upepo wa baharini unaleta mchanga mwembamba kila siku. Alipiga magoti na brashi ngumu, akalisugua kipande kwa kipande, akikohoa, mpaka muuguzi wa zahanati akamkataza. Baada ya hapo nilisugua mimi. Yeye aliketi kwenye kochi, akinielekeza kwa kidole: "Hapo. Siyo hapo, baba, hapo." Alipofariki niliacha kusugua. Hakukuwa na mtu wa kunielekeza.

Yule muuza mashine alivua viatu mlangoni, jambo lililonipendeza, akafungua masanduku yake. Mashine ilikuwa nzito, ya rangi ya fedha, yenye tangi la maji chini, mpira mrefu, na vichwa vya kila namna: cha zulia, cha pazia, cha godoro, cha pembe za kabati. Juu ya mpini kulikuwa na taa ndogo. Alinieleza kwamba mashine ina uwezo wa kuhisi vumbi yenyewe. Likiwa jingi taa huwa nyekundu, likipungua huwa ya manjano, pakitakata huwa kijani.

"Mzee, zulia lako hili lina rangi gani?" aliniuliza.

"Kijivu."

Akawasha. Nilisikiliza mota kabla ya kutazama zulia, maana ndiyo kazi yangu. Ilikuwa mota nzuri, inazunguka bila kutetemeka. Akapitisha mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka dirishani, akazima, akanionyesha. Katikati ya kijivu kulikuwa na njia ya kijani.

Zulia lilikuwa la kijani. Nililijua hilo siku linatandikwa. Nilikuwa nimesahau.

Akamaliza sebule nzima. Kisha akafungua tangi, akamimina maji kwenye ndoo nyeupe aliyokuja nayo makusudi. Maji yalikuwa meusi, mazito, yana nywele na mchanga na vitu nisivyovijua. Alisimama kando ya ndoo kama mtu aliyevua samaki mkubwa.

"Hivi ndivyo mlivyokuwa mnavuta puani kila siku, mzee. Wewe na familia."

Niliinama kuyatazama yale maji. Alidhani nimeshangazwa na mashine. Akaniomba anionyeshe godoro, kwa sababu godoro ndilo linalowauzia watu, hivyo ndivyo alivyosema, na mimi nikamwongoza chumbani bila kufikiri.

Kitanda chetu ni cha mninga, kipana, na godoro lake ni la watu wawili. Tangu msiba nilikuwa nalala upande wangu tu, upande wa dirisha. Upande wa ukutani nilitandika shuka vizuri kila asubuhi ingawa hakuna aliyeuvuruga. Yule bwana alitandua shuka, akaweka kitambaa cheusi mahali pa kichujio ili uchafu ubaki juu yake tuuone. Akaanza na upande wa ukutani.

Taa ilikuwa nyekundu, ikabaki nyekundu. Aliposimamisha mashine alitoa kile kitambaa, akakitandaza juu ya meza ya kioo. Juu yake kulikuwa na unga wa kijivu, laini kabisa, kiasi cha viganja viwili.

"Unaona, mzee? Watu wanafikiri hili ni vumbi la nje. Hapana. Hii ni ngozi ya binadamu. Ukilala, ngozi inapukutika, inaingia kwenye godoro. Miaka na miaka. Hapa umelala na mtu ambaye..."

"Huo ni upande wa mke wangu," nikasema.

"Basi mama akirudi atafurahi kuona..."

"Amefariki."

Alibaki ameshika pembe za kitambaa, hajui akiinue au akiache. Nje palipita pikipiki, sauti yake ikaenda ikapotea.

"Pole sana, baba," alisema mwishowe. Mpaka hapo alikuwa ananiita mzee. "Nisamehe. Sikujua."

"Ungejuaje?"

Alikunja kile kitambaa taratibu, pembe kwa pembe, kama anavyokunja mtu kitambaa cha meza ya Bwana kanisani kwetu, akaniwekea mkononi. Alisema ni cha kampuni lakini atajua la kusema. Upande wangu hakuusafisha. Alirudisha shuka, akafungasha vifaa vyake, na hakutaja bei mpaka nilipomuuliza mwenyewe. Aliitaja kwa aibu. Ilikuwa bei ya pikipiki mpya.

"Nitafikiri," nikamwambia. "Pita tena wiki ijayo."

Kile kitambaa nilikiweka kwenye droo kwa siku chache. Kisha nikaona nafanya upuuzi, mke wangu hayumo humo, na kama yumo hatapenda kufungiwa na vumbi. Nikakipeleka uani alikokuwa amepanda mlangilangi, nikakikung'uta. Kulikuwa na upepo. Sikuona hata mahali ulipoangukia ule unga. Nikafua kitambaa, nikakianika, na yule bwana alipokuja wiki iliyofuata nikamrudishia.

Alikuja kweli, na wiki iliyofuata tena. Mara ya pili nilimwambia nataka kuona inavyofanya kazi kwenye mapazia. Mara ya tatu nilimwambia kochi. Mara nyingine nilimwomba afungue kifuniko nitazame mota, akakubali ingawa haruhusiwi, tukakaa sakafuni wawili tukiwa na bisibisi, nikimweleza jinsi waya unavyosukwa na kwa nini mota hii itadumu kuliko zile za bei rahisi zinazouzwa mjini. Aliandika niliyomwambia kwenye simu yake. Alisema yatamsaidia kwa wateja.

Siku anazokuja nilianza kuamka na shughuli. Nilikwenda sokoni asubuhi kununua samaki, changu au tasi kama wapo, nikawakaanga, nikachemsha mihogo na nazi kama alivyopika marehemu, ingawa yangu ilishika chini ya sufuria. Yule bwana alikula bila kulalamika. Alikuwa amepanga chumba Ngamiani, na mkewe na mtoto wao mchanga walikuwa kwa wakwe, Lushoto, mpaka hapo atakapopata mshahara wa kueleweka. Kampuni ilimlipa kwa kila mashine aliyouza. Alikuwa ameuzia hoteli moja na mfanyabiashara mmoja wa Barabara ya Tatu, basi. Watu wengi walimwacha asafishe nyumba nzima, wakamshukuru, wakafunga mlango.

Nami nilimweleza mambo ya shambani. Nilimweleza kuhusu mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ambayo sisi tuliiita korona miaka mingi kabla jina hilo halijawa la ugonjwa, na jinsi ilivyonguruma hata ukalala ukiisikia. Nilimweleza chumba cha brashi. Alinisikiliza huku ameegemea kochi, na mara moja alipitiwa na usingizi katikati ya maneno yangu. Sikumwamsha. Nilikaa kwenye kiti changu nikisoma gazeti la zamani, na nyumba ilikuwa na sauti ya mtu anayepumua. Nilitamani achelewe kuamka.

Ilikuwa ni baada ya usingizi ule, akiwa ananawa uso, ndipo aliponiuliza.

"Baba, hivi kweli unataka kununua mashine?"

"Bado nafikiria."

Alijifuta uso na leso, akaja akaketi karibu yangu. "Nikwambie kitu ambacho bosi wangu hapaswi kukisikia. Usinunue. Hapa kwako kuna zulia moja na godoro moja. Vyumba vingine ni sakafu ya saruji, na sakafu ya saruji ufagio unamaliza kabla sijachomeka waya. Ukiling'oa zulia hili ukamgawia mtu, huna haja ya mashine yoyote. Hii ni ya hoteli. Ni ya watu wenye mazulia kila chumba, au wenye mgonjwa wa kifua ndani."

Neno la mwisho lilimtoka kabla hajalipima. Nikamwona analijutia. Nikamwambia hakuna neno, amesema kweli, na kwamba mgonjwa wa kifua nilikuwa naye na mashine ilikuwa haijafika.

"Kwa hiyo nisije tena?" aliuliza. "Maana bosi ananiuliza, huyu mzee wa Raskazone, mbona mafuta ya bajaji yanaisha na hakuna mauzo?"

Hapo ndipo nilipoamua. Sina hakika kama uamuzi wa namna hiyo una akili, lakini nitaueleza kama ulivyokuwa. Niliona kwamba nisiponunua hatakuja tena. Na niliona kwamba nikinunua, kuna karatasi ya huduma: aliwahi kunieleza kwamba anayenunua hutembelewa mara kwa mara, mashine ikaguliwe, vichujio vibadilishwe. Nilifikiri nitakuwa nimemsaidia yeye na mkewe na mtoto, na atakuwa na sababu ya kuja, sababu ambayo bosi wake hawezi kuiuliza. Sehemu ya kiinua mgongo changu ilikuwa imelala benki ikisubiri matibabu ambayo mgonjwa wake hayupo tena.

"Leta mkataba," nikamwambia.

Alikataa mara ya kwanza. Alikataa na mara ya pili. Mara ya tatu akaniangalia usoni muda mrefu, kisha akaufungua mkoba.

Siku alipoleta mashine yangu, mpya, ikiwa kwenye sanduku lenye harufu ya plastiki, alikuja bila tai. Alinifundisha kila kitu upya kana kwamba sijawahi kuiona. Tulikula. Alipoaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mungu akubariki, baba. Hujui ulichonifanyia."

Nilikijua baadaye. Muda wa huduma ulipofika nilikwenda sokoni, nikapata tasi wazuri. Geti likagongwa, nikaenda nikitembea haraka kuliko kawaida. Alikuwa mtu mwingine, kimya, mwenye mfuko wa vifaa. Alikagua mashine hapohapo barazani, akabadilisha kichujio, akaniomba sahihi.

"Yule mwenzako yuko wapi?"

"Ah, yule alifikisha lengo. Amepandishwa, sasa anasimamia Mwanza. Wamehama na familia yake yote."

"Alifikisha lini?"

"Kwa mashine yako hii, mzee. Ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye lengo lake."

Nilimkaribisha chakula. Akasema ana wateja wengine wawili kabla ya adhuhuri. Niliwala wale samaki siku mbili.

Sikumkasirikia yule wa kwanza. Alinipigia simu kutoka Mwanza, akaomba radhi kwa kuondoka bila kuaga, mambo yalikwenda mbio. Nilisikia mtoto akilia nyuma yake na mwanamke akimbembeleza, na nilifurahi kwa moyo wote kwamba wako mahali pamoja. Alipiga tena wakati wa Krismasi. Baada ya hapo shughuli zilizidi, nadhani. Mimi namba yake ninayo, lakini kila nikitaka kumpigia najiuliza nitamwambia nini baada ya salamu.

Mwanangu alipopata habari za mashine alicheka kwanza, kisha akakasirika.

"Baba, fedha zote hizo kwa ufagio wa umeme? Si ungeniambia nikutumie hata kile kidogo kinachojiendesha chenyewe? Huku kila nyumba wanacho."

"Hiki ni kizuri," nikamwambia. "Mota yake ni nzuri."

"Lakini kina faida gani kwako?"

Nilimwambia zulia limekuwa la kijani. Akasema atapiga Jumapili.

Nilitaka kuipatia faida. Nikakodi gari dogo, nikaipakia mashine, nikaenda Maramba kwa mwanamke aliyefanya kazi meza moja na mke wangu katika chumba cha brashi. Naye alikuwa mjane, akiishi kwenye nyumba ya bati nyuma ya duka la mwanawe, na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi hata akiwa amekaa. Nilipomwambia nimekuja kumsafishia godoro alinitazama kana kwamba uzee umenifika kichwani.

"Shemeji, umetoka Tanga kuja kunikung'utia godoro?"

"Subiri uone."

Umeme ulikuwepo, bahati. Nilisafisha godoro, nikasafisha mito, nikasafisha na kochi lake la kitambaa. Nilipomimina yale maji kwenye ndoo alisogea akainama kuyatazama. Nilijua anaona kile nilichokiona mimi. Kisha akacheka, kicheko kilichogeuka kikohozi, akashika ukuta mpaka kikapita.

"Kumbe kuna mashine inayovuta vumbi," alisema. "Na siku zote zile wakatupa khanga."

"Khanga mlinunua wenyewe," nikamkumbusha.

"Kweli. Tulinunua wenyewe."

Tulikaa nje tukanywa chai. Aliniambia habari za mke wangu ambazo sikuwa nazijua: kwamba mchana, muda wa mapumziko, alikuwa akiwapeleka wenzake nyuma ya kiwanda, kwenye upepo, akawasimulia Amani, jinsi mtu unavyoweza kupumua kule mpaka ukashiba. Na kwamba alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye nyimbo za kanisa kwa sababu sauti ya kwanza ilihitaji pumzi. Mimi nilikaa naye benchi moja ibada zote zile, nikidhani anapenda tu sauti ya pili.

Nilimwahidi kwamba nitarudi na mashine kila baada ya muda. Nilirudi mara moja. Mara iliyofuata mwanawe alinipigia simu kabla sijafunga safari, akaniambia mama amelazwa, na kabla ya wiki kuisha tukamzika.

Sasa mashine iko kwenye pembe ya sebule, nimeifunika kwa mfuko wa mto. Jumamosi naifunua, nachomeka, napita sebule na chumba. Siku nyingine umeme unakatika katikati, nabaki na zulia nusu. Maji ya tangi siku hizi hutoka karibu meupe, kwa sababu mtu mmoja anayekaa barazani hachafui sana. Upande wangu wa godoro nausafisha mwenyewe. Taa inaanza nyekundu, inakwenda manjano, inakuwa kijani, nami naizima.

Hivi karibuni alihamia jirani mpya, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa mtoto mwenye pumu. Alisikia kwa watu kwamba nina ile mashine. Akaja getini jioni moja, amebeba mtoto.

"Shikamoo, baba. Naomba kukuuliza. Muuzaji mmoja wa mashine hizo amekuja kwangu, anataka nikope kwenye chama chetu cha akiba ninunue. Wewe unayo. Inastahili kweli fedha yote hiyo?"

Nilimtazama mtoto. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka kwa namna ninayoijua.

"Una mazulia?" nikamuuliza.

"Hapana. Mkeka tu, na kochi."

"Basi usikope. Osha mkeka, anika godoro juani, kochi lifunike kwa shuka, uifue kila wiki. Ukitaka mashine, njoo uchukue hii yangu. Bure."

"Kwa hiyo wewe unajuta kuinunua?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Kwa zulia moja, fedha zile zimepotea, na fundi yeyote wa kweli angesema hivyo. Lakini nilikumbuka majuma yale ya samaki na mihogo iliyoungua, na yule bwana akiwa amelala kwenye kochi langu mchana.

"Sijuti," nikamwambia. "Ila si kwa sababu ya usafi."

Hakuelewa, na mtoto alikuwa anahangaika begani, hivyo hakuuliza zaidi. Nilimbebea mashine mpaka mlangoni kwake, nikamwonyesha swichi na tangi, nikamsikia akiiwasha nilipokuwa narudi.

Aliirudisha kesho yake mchana. Alikuwa ameifuta vizuri, ameuzungusha waya kwa mpangilio, na juu yake ameweka bakuli la maandazi yaliyofunikwa kwa sahani. Akasema mtoto amelala usiku mzima bila kukohoa, akanishukuru mara nyingi.

"Karibu ndani," nikasema. "Ukae kidogo, chai iko jikoni."

"Asante, baba, siku nyingine. Nimemwacha mtoto na dada."

"Haya. Siku nyingine."

Nilisimama mlangoni mpaka alipofunga geti lake. Kisha nikaingiza mashine ndani, nikala andazi moja nikiwa nimesimama, mengine nikayafunika.